Uhuru iliyoruka Ngomeni iliona nini?

Ndugu yangu mkubwa anakaa Malindi, na kila nikenda kumzuru hushukia kwake. Safari moja, tulipokuwa tumekaa barazani baada ya alasiri, binti yake anayesoma kidato cha pili alinijia na daftari. Ndani yake alikuwa amebandika picha aliyoikata gazetini: duara la rangi ya moto, na katikati yake giza tupu. Akaniuliza, “Ami, mwalimu ametwambia hili ni shimo jeusi. Na baba asema zamani palirushwa chombo hapa Ngomeni, kikaitwa Uhuru, kwenda kutazama mambo haya haya. Wewe ni mwandishi wa magazeti. Kilikwenda kutafuta nini?”

Nikamjibu, “Kilikwenda kutazama nyota, mwanangu.”

“Nyota zipi, ami? Na kiliona nini?”

Hapo nikanyamaza. Kwa bahati adhana ya magharibi ikaadhiniwa, nikasimama kwenda kutawadha, nikaonekana mcha Mungu kumbe ni mkimbizi. Wallahi siku ile niliona haya. Nimeandika katika magazeti miaka mingi, nimetunga mashairi ya harusi, ya misiba na ya siasa, nimezieleza ngoma za pwani hii moja baada ya moja. Lakini jambo kubwa lililotoka katika bahari yetu wenyewe, kwa jina la lugha yetu wenyewe, sikuweza kumweleza mtoto wa miaka kumi na mitano.

Basi niliporudi Mombasa nikaanza kusoma. Niliyoyapata nayatandaza hapa, mpenzi msomaji, kisha nitasema neno langu.

Kisa chenyewe chaanzia mbali na kwetu. Mjini Paris, Ufaransa, alikuwako bwana mmoja aitwaye Charles Messier. Kazi yake kubwa maishani ilikuwa kuwinda nyota zenye mkia. Mwindaji huyu alikuwa na udhia mmoja: mbinguni mna viwingu vidogo vyeupe ambavyo, ukivitazama kwa darubini ndogo, vyafanana na nyota yenye mkia iliyo mbali. Mtu hupoteza usiku mzima akidhani amepata, kumbe hakupata. Messier akaamua kuviandika viwingu hivyo katika orodha, ili yeye na wenziwe wavijue na wasipotezwe navyo tena. Yaani orodha iliyomfanya mashuhuri mpaka leo ilikuwa zaidi ni orodha ya vitu asivyovitaka.

Usiku wa tarehe 18 Machi 1781 aliandika viwingu vinane vipya katika upande mmoja wa mbingu, ule ambao wazee wetu wa falaki huuita buruji ya Sumbula, au Mashuke kwa Kiswahili. Kimojawapo alikipa nambari 87. Mpaka leo wataalamu hukiita M87, ile M ikiwa ni ya jina lake. Aliandika kwamba ni kiwingu kisicho na nyota, kisha akaendelea na kazi zake. Hakujua alichokiona. Hapana mtu ulimwenguni aliyejua.

Ikapita miaka 137. Mwaka 1918, Mmarekani aitwaye Heber Curtis, aliyekuwa akifanya kazi katika darubini kubwa ya Lick huko California, akatoa maelezo ya viwingu vingi alivyovipiga picha. Alipofika kwenye M87 aliona jambo la ajabu: kutoka kitovuni mwake mwachomoza mstari mmoja wa nuru, umenyooka kama mshale. Akauandika katika maneno machache, naye akapita. Hakuweza kueleza mstari ule ni nini, na haikuwa aibu kwake, kwani siku zile wataalamu walikuwa hawajaafikiana hata kama viwingu vile vimo ndani ya kundi letu la nyota au viko nje yake. Curtis mwenyewe alisimama mwaka 1920 mjini Washington kujadiliana na mwenzake Harlow Shapley juu ya jambo hilo. Ni Edwin Hubble, kwa kazi aliyoianza mwaka 1923, aliyeonyesha kwamba kiwingu cha Andromeda kiko mbali sana nje ya kundi letu. Tangu hapo ikajulikana kwamba vingi katika viwingu vile ni makundi makubwa ya nyota kama hili letu. Wataalamu huyaita galaksi.

Galaksi si za umbo moja. Hii yetu, ambayo usiku wa giza huonekana kama utepe mweupe uliotandazwa mbinguni, ni sahani yenye mikono iliyojikunja. M87 si hivyo. Yenyewe ni duaradufu, mviringo kama yai, haina mikono wala sahani. Nyota zake nyingi ni kongwe, na nyota changa huzaliwa kwa nadra. Galaksi za namna hii ni kama vikongwe waliokwisha kuona mengi, na wataalamu wasema zimekua kwa kumeza galaksi nyingine ndogo zilizozikaribia. Kundi letu limezungukwa na vishada vya nyota vya mviringo kiasi cha 150. M87 inavyo kiasi cha 12,000. Kwa vishada hivyo peke yake utajua ukubwa wa jumbe huyu na wangapi aliowala.

Umbali wake ni miaka ya nuru milioni 55. Maana yake ni hivi: nuru hukata kilomita laki tatu kwa sekunde moja, na pamoja na mbio hizo, nuru tunayoipokea leo kutoka M87 ilianza safari miaka milioni 55 iliyopita, kabla binadamu hajakanyaga ardhi.

Mlango wa tatu wa kisa ndio ulionifurahisha zaidi, kwani ni wa baharini. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, vijana watatu huko Australia, John Bolton, Gordon Stanley na Bruce Slee, walisimamisha vyombo vya kunasa mawimbi ya redio juu ya jabali la Dover Heights, Sydney, yakitazamana na bahari. Walikuwa wakinasa wimbi linalotoka mbinguni moja kwa moja, na lile lile wimbi likiwa limegonga maji ya bahari na kurudi juu, kisha wakalinganisha mawili hayo wapate kujua linatoka wapi. Bahari ndiyo iliyokuwa kioo chao. Mwaka 1949 walitangaza kwamba sauti moja kali ya redio itokayo upande wa Mashuke yaelekea kutoka kwenye M87. Kile kiwingu cha Messier, kilichodhaniwa kimya, kumbe kilikuwa kikipiga kelele siku zote. Ni sisi tuliokuwa hatuna masikio.

Sasa nafika Ngomeni.

Wazee wa Malindi wakumbuka kwamba katika miaka ya 1960 Wataliani, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa ya chuma baharini karibu na Ngomeni. Moja likaitwa San Marco, jingine Santa Rita. Walipachagua mahali hapo kwa sababu ni karibu na mstari wa ikweta, ambapo mzunguko wa dunia husaidia kukirusha chombo. Mjomba wangu mmoja, mvuvi wa jarife, alikuwa akitusimulia utotoni jinsi alivyoona moto ukipanda juu ya maji na moshi mweupe ukabaki nyuma kama kilemba kilichofunguka. Kwake yeye hiyo ilikuwa habari ya moto na moshi. Hapana aliyekwenda kumwambia zaidi ya hayo.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kusherehekea miaka saba ya uhuru wa Kenya, Wamarekani walirusha kutoka jukwaa la San Marco setilaiti ya kwanza ulimwenguni iliyotengenezwa mahsusi kwa kutafuta miale ya eksirei mbinguni. Miale hiyo haifiki ardhini, hewa yetu huizuia, kwa hivyo sharti mtu apande juu akaitafute. Msimamizi wa kazi hiyo, Bi. Marjorie Townsend, akaipa setilaiti ile jina la Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji. Mtaalamu aliyeongoza utafiti wake, Riccardo Giacconi, alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi yake ya eksirei.

Uhuru ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo. Ilisaidia kuwafanya wataalamu washuku kwa nguvu kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Na ilitazama pia upande wa Mashuke. Ilikuwa imekwisha julikana tangu miaka ya 1960 kwamba M87 yatoa eksirei. Uhuru ikaonyesha kwamba miale ile haitoki katika nukta moja tu, bali imetanda eneo kubwa. Ikaja kufahamika kwamba galaksi ile imezamishwa katika wingu la gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Nafasi iliyodhaniwa tupu baina ya galaksi na galaksi, kumbe si tupu.

Basi jibu la swali la mwana wa ndugu yangu ndilo hilo. Chombo kilichoruka Ngomeni kilikitazama kiwingu kile kile ambacho picha yake aliibandika daftarini. Kwani lile duara la moto lenye giza katikati ndicho kitovu cha M87. Wataalamu wa nchi nyingi waliunganisha darubini za Hawaii, Arizona, Mexico, Chile na Spain mwezi Aprili 2017, zikatazama kwa pamoja kana kwamba ni darubini moja yenye ukubwa wa dunia. Picha ikatangazwa tarehe 10 Aprili 2019, picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi. Uzito wake ni wa majua bilioni 6 na nusu. Na ule mstari ulionyooka ambao Curtis aliuona mwaka 1918 bila ya kuuelewa, sasa yajulikana kwamba ni mchirizi wa chembe zinazotupwa nje kwa kasi iliyokaribia ile ya nuru, kutoka pembezoni mwa shimo lile.

Hayo ndiyo niliyoyasoma. Sasa neno langu.

Picha ile ilipotangazwa, watu wa Hawaii walifanya jambo ambalo mimi nimelionea wivu. Kwa kuwa darubini mbili zilizotumika ziko katika kisiwa chao, wataalamu walikwenda kwa Profesa Larry Kimura, mwalimu wa lugha ya Kihawaii, wakamwomba alipe jina shimo lile. Naye akachukua maneno kutoka utenzi wao wa kale wa kuumbwa ulimwengu, uitwao Kumulipo, akaliita Pōwehi, kwa maana ya chimbuko la giza lililopambwa, la uumbaji usiokoma. Si jina rasmi la wanafalaki wote, lakini limeenea. Nayo ni lugha ambayo katika karne iliyopita ilikaribia kufa, lugha ya watu wachache mno ukiwalinganisha na sisi.

Sisi tu mamilioni kwa mamilioni. Lugha yetu yasemwa tangu Barawa hata Kongo. Neno letu lilitangulia kupanda mbinguni, miaka karibu 50 kabla ya neno la Wahawaii. Mpaka leo, wataalamu wa Marekani na wa Japani wakiviandika baadhi ya vyanzo vya eksirei, hutanguliza herufi 4U, na ile U ni ya Uhuru. Wao wanalitumia neno letu bila ya kujua Kiswahili, na sisi tunakisema Kiswahili bila ya kujua neno letu limefanya nini. Mgeni alikuja akatuazima jina, akalipeleka akalitumikisha, likamletea faida. Mwenye jina hakuuliza hata limekwenda wapi.

Najua nitakalojibiwa. Tayari nimejibiwa, hapo hapo barazani kwa ndugu yangu, na jirani yake mmoja mwenye maneno makali: “Unga hauguswi kwa bei, ada za skuli hazijalipwa, nawe watuletea habari za galaksi. Tumbo tupu halili nyota.” Maneno hayo yana ukweli, na sitaki kuyadharau. Lakini nilimwuliza: mvuvi anayetoka kwa kuijua Kilimia na kwa kuhesabu mwezi, je, nyota hazikumlisha? Nahodha aliyetoka Lamu kwenda Maskati kwa pepo za kaskazi na kusi, akishika njia kwa nyota usiku, je, hakuleta tende na nguo? Wazee wetu hawakuiona elimu ya mbingu kuwa ni anasa ya walioshiba. Waliiweka pamoja na ngalawa na nyavu.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Abdurrahman as-Sufi, Mwajemi aliyeandika kwa Kiarabu mnamo mwaka 964, alikitaja kiwingu cha Andromeda katika kitabu chake cha nyota, zaidi ya miaka 600 kabla ya darubini kubuniwa. Majina ya nyota yaliyoenea Ulaya, kama Aldebaran na Altair, yametoka katika Kiarabu. Kwa nini yalidumu? Si kwa kuwa Waarabu peke yao waliziona nyota zile, kila mwenye macho aliziona. Yalidumu kwa kuwa waliuliza, wakaandika, wakazipa majina.

Na hilo ndilo funzo la M87. Nani aliyeigundua? Vitabu vyasema ni Messier, mwaka 1781. Nami siupingi mwaka huo. Lakini Messier aliona tu. Curtis akaona zaidi, vijana wa Sydney wakasikia, Uhuru ikahisi joto lake, na wale wa mwaka 2019 wakauona moyo wake. Ugunduzi ni kazi ya kupokezana, kama kamba ya jarife inavyovutwa na mikono mingi, na mlango wake haujafungwa. Aliyechelewa hakukatazwa kuishika. Lakini hawezi kuishika mtu asiyejua kama kamba ipo. Katika zile darubini zilizoitazama M87 mwaka 2017 hapakuwa na hata moja kutoka bara la Afrika. Upo mpango wa kujenga moja Namibia, nasi twauombea kheri. Hapa kwetu Shirika la Anga la Kenya lilianzishwa mwaka 2017, na setilaiti yetu ya Taifa-1 iliruka tarehe 15 Aprili 2023, japo iliruka kutoka California. Hatua hizo ni njema. Lakini chombo bila ya watoto wanaojua maana yake ni jahazi bila ya mabaharia.

Kwa hivyo nataka mambo matatu, na hapana hata moja lenye gharama kubwa. Kwanza, habari ya setilaiti ya Uhuru iandikwe kwa Kiswahili chepesi na iingie katika vitabu vya skuli za msingi, na watoto wa Ngomeni, Mambrui na Malindi wawe wa kwanza kuisoma. Pili, walimu wa vyuo vyetu vya Kurani, ambao huwafundisha watoto kibla na kuandama kwa mwezi, wasiziache buruji zikafa midomoni mwa wazee. Mwezi wa Mei, kiasi cha saa nne za usiku, Mashuke huwa karibu na utosi wetu. M87 haionekani kwa macho matupu, lakini darubini ndogo yatosha kukionyesha kile kiwingu cha Messier. Tatu, nasema na washairi wenzangu: kazi ya kuvipa vitu majina ni yetu. Tukiacha, tutaishi kwa nambari za watu wengine.

Mimi nimependekeza M87 iitwe Ajuza wa Mashuke, kwa ukongwe wake na kwa mahali pake. Asiyelipenda jina hilo na alete lake. Nitafurahi zaidi kushindwa katika jambo hili kuliko kuachwa peke yangu. Na huu hapa ubeti wangu wa kufungulia mlango:

Nuru ilitoka mbali, wala haikupumua,
Imefika kwetu kweli, wachache walotambua,
Tuipe jina kamili, mwana apate kujua,
Lugha isiyosaili, hunyauka kama ua.

Nilirudi Malindi baadaye nikamweleza mwana wa ndugu yangu yote hayo, tangu Messier hata Pōwehi. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu, akaandika chini ya ile picha: “Ajuza wa Mashuke. Uhuru ilimwona.” Kisha akaniuliza, “Ami, na kabla ya lile shimo kuwapo, palikuwa na nini?”

Safari hii hapakuwa na adhana ya kunikomboa. Nikamwambia hilo atakuja kunieleza yeye.